Saluni ya mwendo kasi kwa mzazi: Mambo ya kukagua kabla ya kununua Subaru ya mtumba

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MZAZI anayeishi Kimali, mkoani Simiyu, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwapakia wanawe wawili au watatu kwenye pikipiki moja kwa mtindo wa 'mshikaki', hahitaji kuelezwa umuhimu wa gari.

Swali linalomsumbua ni gari gani. Katika mazungumzo ya gereji na vijiwe vya Bariadi, Maswa na Mwanza, jibu moja husikika mara kwa mara: saluni ya milango minne yenye nafasi ya familia, injini yenye nguvu ya kupita lori la pamba bila wasiwasi, na inayovuta kwa magurudumu yote manne ili matope yasiilaze njiani. Kwa lugha fupi, Subaru.

Jibu hilo si baya, lakini limewagharimu wengi. Fedha za kununulia gari la namna hiyo hutokana na mauzo ya pamba ya misimu kadhaa, mkopo wa mtumishi wa umma au mafao ya kustaafu. Injini ikinoki miezi miwili baada ya kadi kubadilishwa jina, fedha hizo hazirudi, na mtoto anarejea kwenye mshikaki.

Sifa iliyotoka kwenye mbio

Jina la Subaru katika Afrika Mashariki lilijengwa na mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Impreza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992, ilimpa Colin McRae ushindi wa Safari mwaka 1997, na Richard Burns akaurudia mwaka 2000. Mkenya Patrick Njiru naye aliendesha magari ya kampuni hiyo katika Safari za miaka ya 1990, na vijana wengi wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam waliomshangilia leo ni baba na mama wa familia.

Hata hivyo, gari la mashindano hufunguliwa na mafundi kila siku, na injini yake haitarajiwi kudumu miaka kumi. Gari la mzazi linatakiwa kuwaka saa 12 asubuhi, kila siku ya shule, kwa miaka mingi, likihudumiwa na fundi mmoja wa mtaani. Kwa hiyo anayechagua kwa kukumbuka mbio anachagua kwa kigezo kisichomhusu.

Si kila saluni inavuta kwa manne

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kufungua boneti. Wanunuzi wengi huamini kwamba kila Subaru inavuta kwa magurudumu yote, na kwamba Toyota Mark X au Altezza ni za kundi hilo hilo kwa sababu zina mwendo. Si kweli.

Toyota Altezza ya saluni, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2005, huvuta kwa magurudumu ya nyuma pekee. Mark X nyingi nazo ni za nyuma. Toleo la magurudumu manne lipo, nalo hutambulika kwa namba ya chesisi: GRX125 kwa kizazi cha kwanza na GRX135 kwa kizazi cha pili kilichokoma mwaka 2019. Ikiandikwa GRX120 au GRX130, gari hilo ni la nyuma, hata kama dalali ataapa.

Kwa Impreza ya kawaida isiyo na turbo, tarakimu baada ya herufi ndiyo inayosema ukweli. Kwa Impreza G4 iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2011, GJ3 na GJ7 huvuta kwa manne, ilhali GJ2 na GJ6 huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2016, kinafuata utaratibu huo huo: GK3 na GK7 ni za manne, GK2 na GK6 ni za mbele.

Legacy B4 na WRX hazina utata huo, kwani zote huvuta kwa manne. Ndizo zinazotajwa zaidi pale mtu anaposema anataka saluni ya familia yenye mwendo.

Legacy B4 ya kwanza, iliyouzwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2003 kwa alama ya BE5, ina injini ya turbo mbili zinazopokezana. Ilipokuwa mpya ilisifiwa. Leo ina zaidi ya miaka 20, mipira yake ya upepo imekauka, na mafundi wanaoufahamu vyema mpangilio wake ni wachache hata katika miji mikubwa. Mzazi aipite.

Iliyofuata, BL5 ya mwaka 2003 hadi 2009, ina turbo moja katika toleo la 2.0GT na nguvu za farasi 260 kwa gia za kujiendesha au 280 kwa gia za mkono. Yapo pia matoleo yasiyo na turbo, ambayo hayana sifa mitaani lakini ndiyo yenye busara zaidi. Legacy ya mwaka 2014 hadi 2020, ya lita 2.5 bila turbo, ni pana, tulivu na haijachezewa na vijana kwa sababu haikuwavutia.

WRX S4, iliyotoka mwaka 2014, ndiyo saluni ya mwendo kasi iliyo karibu zaidi na mahitaji ya familia: farasi 300, mfumo wa kamera wa EyeSight unaoweza kufunga breki wenyewe, na mkanda wa kiti kwa kila abiria wa nyuma. Bei yake ndiyo kikwazo. Lancer Evolution ya Mitsubishi, iliyokoma mwaka 2016, ni gari la mtu asiye na ada ya shule ya kulipa.

Umri wa gari na mkono wa TRA

Tanzania haijaweka ukomo wa umri wa gari linaloingizwa, tofauti na Kenya inayozuia yaliyozidi miaka minane, au Uganda ambayo kwa sheria ya mwaka 2018 ilizuia yaliyozidi miaka 15. Hapa nchini umri hudhibitiwa kwa kodi.

Kwa utaratibu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), gari dogo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. Hufuata ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini iliyozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa iliyozidi 2,000. Gari lililotimiza miaka minane huongezewa asilimia 15, na lililotimiza miaka 10 huongezewa asilimia 30. Juu ya yote hayo ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na tozo nyingine ndogo.

Hesabu hiyo ikifanywa kwa gari la lita mbili ambalo TRA imelithaminisha kwa Sh milioni 10 bandarini, matokeo yanatofautiana sana. Likiwa na miaka saba, kodi kuu hizo hufika takriban Sh milioni 5.5. Likiwa na miaka 12, hukaribia Sh milioni 10, yaani mnunuzi analipa bei ya gari la pili ambalo halioni.

Ikumbukwe pia kwamba TRA hutumia mfumo wake wa kuthaminisha magari yaliyotumika. Risiti ya bei nafuu kutoka Japani haimpunguzii mtu kodi kama mfumo unaonyesha thamani kubwa zaidi.

Injini za Subaru za 'lita mbili' nyingi zina sentimita za ujazo 1,994 au 1,995, hivyo huponea chini ya mstari wa 2,000. Legacy ya lita 2.5 huvuka mstari huo. Tofauti ya asilimia tano huonekana ndogo hadi pale inapozidishwa na VAT.

Karatasi za Japani zinasomwaje

Magari mengi ya mtumba hupita kwenye minada ya Japani kabla ya kusafirishwa, na kila gari linapoingia mnadani hukaguliwa na kupewa karatasi yenye alama. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri lenye kasoro ndogo. Daraja la 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo ya kawaida. Herufi R au RA humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa sehemu ya mwili wake.

Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni sehemu iliyobadilishwa kabisa. S na C ni kutu. Muuzaji asiye tayari kutoa karatasi ya mnada ya gari aliloliagiza mwenyewe anastahili kuulizwa sababu.

Kilomita nazo hurudishwa nyuma, na kwa magari ya mwendo kasi kishawishi ni kikubwa zaidi. Japani hukagua kila gari miaka mitatu baada ya kusajiliwa na kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa. Cheti cha kuondoa gari katika usajili wa Japani kwa ajili ya kusafirishwa hubeba rekodi hiyo. Kama cheti kinasema 118,000 na dashibodi inasema 76,000, mazungumzo ya bei yameishia hapo.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wa magari yanayovuta kwa manne hulisahau. Magari haya Japani hununuliwa zaidi na wakazi wa mikoa ya theluji, kama Hokkaido na Tohoku. Huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Rangi ya juu inaweza kung'aa kama kioo wakati mabomba ya breki, vishikio vya shokapu na fremu ya nyuma vimeoza.

Dawa yake ni rahisi: gari linyanyuliwe, na fundi apite na tochi na bisibisi. Kutu ya juu juu inayofutika kwa brashi si tatizo. Chuma kinachobonyea kwa ncha ya bisibisi, au rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini nzima siku chache kabla ya mauzo, ni sababu ya kuondoka.

Injini inayolala ubavu

Injini ya Subaru ni ya mtindo wa bokseri. Pistoni zake hulala kulia na kushoto badala ya kusimama wima, na hivyo uzito wa gari hukaa chini na kona hukatwa kwa utulivu. Hasara ni kwamba oili hupenda kuvuja pembeni, na hata kubadilisha plagi ni kazi ya kupenyeza mkono mahali pafinyu.

Injini za familia ya EJ, zilizoanza mwaka 1989 na kutumika katika Impreza na Legacy kwa miongo miwili na zaidi, hutumia mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huwa imekwisha. Japani, fundi akibadilisha mkanda hubandika kibandiko chenye tarehe na kilomita ndani ya boneti. Kibandiko kisipokuwapo, mnunuzi ahesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama ya mkanda, rola zake na pampu ya maji itolewe kwenye bei. Kazi hiyo ifanywe wiki ya kwanza.

Injini mpya za FB na FA, zilizochukua nafasi kuanzia mwaka 2010, hutumia cheni. Mark X nayo hutumia cheni. Hilo ni jambo la kumpendeza mzazi, ingawa FB za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kunywa oili, na kijiti cha oili kinatakiwa kuangaliwa kila wiki.

Kwa EJ25 ya lita 2.5 isiyo na turbo, ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, ugonjwa unaojulikana ni gasketi ya silindahedi. Dalili zake ni maji ya rejeta kupungua bila kuvuja mahali panapoonekana, mapovu katika chupa ya akiba injini ikiwa ya moto, na geji ya joto kupanda gari likipanda mlima na kushuka likiwa tambarare. Maji ya kisima yaliyotiwa kwenye rejeta badala ya kulenti huharakisha maradhi hayo, kwani injini hizi ni za alumini.

Kwa za turbo, hatari ni pistoni kupasuka kwenye vijia vya ringi na bearingi za krenki kulika. Chanzo mara nyingi si kiwanda bali mwenye gari: aliyezima injini papo hapo baada ya kukimbia, aliyechelewesha oili, au aliyeongeza msukumo wa turbo ili awashinde wenzake.

Suala la petroli nalo halizungumzwi vya kutosha. Turbo za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa kwa kiwango cha okteni karibu 100. Petroli ya vituo vya kwetu iko chini ya hapo. Injini isiyobadilishwa ina kihisio kinachoituliza, hivyo hupoteza nguvu kidogo tu. Injini iliyopangwa upya kwa kompyuta ili itoe farasi zaidi haina nafasi ya kutulia, nayo hugonga hadi ivunjike. Matoleo yasiyo na turbo yalitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, yenye okteni karibu 90, na hapa hayana shida.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayowafaa wazazi kuliko zote ni kununua gari ambalo halijachezewa. Ekzosi kubwa yenye kunguruma, springi zilizokatwa, kichujio cha hewa cha wazi na geji za ziada juu ya dashibodi ni historia ya gari iliyoandikwa waziwazi. Vinaweza kuondolewa kabla ya mauzo, lakini matundu ya skrubu hubaki.

Ukaguzi ufanywe asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha gari kabla mnunuzi hajafika aombwe kulizima, na mnunuzi arudi kesho yake. Mlio wa kugonga unaosikika sekunde za kwanza, moshi wa bluu, au moshi mweupe mzito usiokoma hausubiri maelezo. Kisha gari lipimwe kwa kompyuta ya gereji, na fundi aangalie kama kumbukumbu ya makosa imefutwa siku hiyo hiyo.

Tairi nne, ukubwa mmoja

Gari linalovuta kwa manne lina sharti ambalo saluni ya kawaida haina: tairi zote zinatakiwa kuwa za ukubwa mmoja, na kulika kwao kuwe karibu sawa. Tairi mpya mbili mbele na mbili chakavu nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo hubebwa na kifaa cha kati kinachogawa nguvu. Kifaa hicho huchemka na kufa taratibu.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari lipelekwe kwenye uwanja mgumu na tambarare, usukani ukatwe hadi mwisho, kisha litembezwe polepole kwa duara kamili, kulia na kushoto. Likijivuta kana kwamba breki zimeshikwa, au likiruka ruka na tairi kulia, kifaa cha kati kina hitilafu. Mlio wa ta-ta-ta pekee unaotoka mbele ni joint ya shafti, ambayo bei yake inavumilika.

Tarehe ya tairi husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za theluji zinazokuja na gari kutoka Japani ni laini, huisha haraka kwenye lami ya joto na hushika vibaya. Zibadilishwe.

Kiti cha nyuma

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba ajali za barabarani ndicho chanzo kikuu cha vifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Hiki ndicho kipimo ambacho mzazi angepaswa kukiweka mbele ya nguvu za farasi.

Mnunuzi apapase kati ya kiti na egemeo la nyuma. Vikiwapo vishikio viwili vya chuma kila upande, gari lina mfumo wa ISOFIX wa kufungia kiti cha mtoto, ambao Japani iliufanya wa lazima kwa magari mapya mwaka 2012. Magari ya kabla ya hapo mengi nayo yanavyo. Kisha kila mkanda wa nyuma uvutwe hadi mwisho na kuachiwa; unaotakiwa kusaidiwa kwa mkono kurudi haufai. Mkanda wa kati wa nyuma uwe wa pointi tatu, si wa kiunoni pekee.

Mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ambao Subaru huuita VDC, uwe unafanya kazi. Taa yake huwaka ufunguo unapofunguliwa, kisha huzimika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa makusudi. Impreza ya mwaka 2016 ilipata alama za juu kabisa katika majaribio ya usalama ya Japani, JNCAP, ya mwaka huo, na kwa mzazi asiyehitaji turbo hiyo inabaki kuwa miongoni mwa chaguo bora sokoni.

Jambo lenye uzito zaidi ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na mfuko unapofunguka katika ajali unaweza kurusha vipande vya chuma kwa walio ndani. Mamilioni ya magari ya Subaru, Toyota, Honda, Nissan na mengineyo yaliitwa kurekebishwa duniani kote, na Takata iliomba kufilisika mwaka 2017.

Kuanzia mwaka 2018 Japani iliacha kuyapa cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko ya hatari zaidi ambayo hayajarekebishwa. Maana yake ni kwamba gari lililokwisha kuingia Tanzania kabla ya hapo, la namba C au mwanzoni mwa namba D, linaweza kuwa halijaguswa. Tovuti za Kijapani za Subaru na Toyota huruhusu mtu kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Kazi hiyo ni ya dakika tano na ni ya bure.

Mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa, uwe wa Takata au wa mwingine yeyote.

Mbuga haidanganywi

Kwa mkazi wa Bariadi mjini, barabara ya lami kwenda Lamadi na ile ya Maswa hadi Mwigumbi inaitosha saluni yoyote. Kwa mkazi wa Kimali hesabu ni nyingine.

Wasukuma wanaujua udongo wao kwa majina. Luseni ni kichanga cha miinuko. Hapo gari linalovuta kwa manne hupita hata mvua ikiwa imenyesha. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka gundi kati ya Novemba na Aprili. Hujaza nafasi kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu lisizunguke.

Saluni za Subaru zina nafasi ndogo kutoka ardhini. Tumbo la gari likishakaa juu ya tope, magurudumu manne yanazunguka bure sawa na mawili. Forester, yenye injini na gia za ukoo huo huo, ina milimita 200 au zaidi. Mzazi ambaye kila siku ya masika hupita mbuga kufika shuleni au zahanati angefanya vema kuiangalia hiyo, hata kama moyo wake uko kwa B4. Anayevuka mbuga mara mbili kwa mwezi anaweza kusubiri kukauke.

Aidha, kuvuta kwa manne hakufupishi umbali wa kusimama. Gari linaloondoka vizuri kwenye matope husimama kwa breki na tairi zile zile kama mengine, na madereva wengi hulitambua hilo wakiwa wamechelewa.

Vipuri vya Subaru hupatikana Mwanza kwa mahitaji ya kawaida, kama vichujio, brekipedi, bushi na shokapu. Vya ndani ya injini na vya turbo mara nyingi huagizwa kutoka Kariakoo, hasa eneo la Gerezani, na husafiri kwa basi. Vya Toyota hupatikana hata Bariadi. Kabla ya kulipa, mnunuzi ampigie simu fundi atakayelihudumia gari na kumwuliza ni Subaru ngapi za turbo amewahi kufungua.

Likiwa tayari limesajiliwa nchini

Gari la namba D au E lililo mikononi mwa mtu huepusha ushuru wa bandari, lakini lina madeni yake. Namba ya usajili ihakikiwe kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani. Magari ya mwendo kasi hujikusanyia faini za Sh 30,000 kimya kimya, na mmiliki mpya ndiye anayesimamishwa barabarani. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, si kwa kuamini stika.

Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kama kadi iko benki kwa ajili ya mkopo, malipo yafanyike benki hapo hapo. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe ndani ya boneti, ilinganishwe na kadi tarakimu kwa tarakimu, na mkataba usainiwe mbele ya wakili kabla ya fedha kutoka. Maombi ya kubadilisha umiliki yapelekwe TRA mara baada ya hapo, kwa kuwa hadi jina libadilike, gari bado ni la aliyeuza.